Jina la Mama Sefu Ukutani

Yustina alinikuta nimekaa uani nachambua mchele, watoto wakubwa hawajarudi shule na mdogo kalala. Sura sikuitambua, maana amenenepa na amevaa miwani, lakini mwendo niliutambua. Yustina anatembea kama mtu anayepima shamba kwa hatua. Kutoka mlango wa uani mpaka kwenye mkeka wangu alitia hatua nne, na mie hapo natiaga nane. Nikasema, "Yustina." Akasema, "Hawa, kumbe bado uko Temeke hii hii," akakaa chini bila kungoja kiti, akavuta konzi ya mchele, akaanza kuchambua na mie. Hatukuwa tumeonana miaka ishirini na zaidi. Tulichambua kwanza, halafu ndipo akasema, "Mama Sefu amefariki. Khitma ni Jumapili, Kawe, kwa mwanawe. Nimeona nije mwenyewe, nisikuletee kwa mdomo wa mtu mwingine." Nikasema innalillahi, nikaendelea kutoa chuya, ila macho yalikuwa hayaoni tena. Mchele ule tuliula na mawe yake usiku ule, wanangu wakaniuliza leo mama vipi, nikawaambia kuleni.

Tangu siku ile mwaka mmoja wa usichana wangu umerudi wote, hata harufu zake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, bado sijaolewa, nimepanga chumba pamoja na shangazi yangu katika nyumba ya Bi. Kidawa. Kusoma nilikuwa najua, lakini kusoma kwa chuoni. Msahafu nilihitimu, na barua ya Kiswahili nikiandikiwa kwa herufi za Kiarabu naisoma bila kusita. Herufi za serikali, hizi za Kizungu, ndizo zilizonishinda, na mtu asiyezijua hizo alihesabiwa hajui kusoma, basi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Karani Hamadi, mtu wa ofisi ya serikali, shati jeupe kila siku, salamu fupi. Mkewe alikuwa wa ndani. Sokoni haendi, kisimani haendi, akitoka ni harusi au msiba, na buibui lake limemfunika mpaka kidole cha mguu. Lakini mke huyo alikuwa amesoma shule ya wasichana mpaka darasa la nane, kabla ya kuolewa. Akamwomba mumewe aruhusiwe kuwafundisha wanawake wa mtaa, baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, palepale uani kwake, na mumewe akakubali kwa sababu kufundisha ni thawabu na wanafunzi wote wanawake. Sie tulikuwa saba. Tulimwita Mama Sefu, kwa mtoto wake mmoja, na haikutupitia kichwani kwamba ana jina jingine.

Ule ua nauona hivi sasa. Ukuta wa udongo uliopakwa chokaa mpaka kimo cha kifua, juu yake makuti. Upande wa jiko moshi umepaka ukuta mweusi, upande wa pili mtungi wa maji na kata yake, na katikati mkeka mkubwa wa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau. Ubao hatukuwa nao. Mama Sefu alichukua ungo, akatandaza unga wa muhogo uwe mwembamba kama karatasi, akaandika kwa kidole. Ukikosea unatikisa ungo, kosa linapotea. Nilipenda mno hilo. Chuoni nilizoea ukikosea unapigwa, na hapa unatikisa ungo tu. Tukimaliza, unga ule ule unasongwa ugali, tunakula na papa wa kuchoma, na Bi. Kidawa, mwenye nyumba wetu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote darasani, alikuwa akisema, "Leo nimekula somo lote, kesho msiniulize, liko tumboni."

Yustina aliingia ua ule siku ya likizo, amevaa buibui la kuazima. Yeye ni Mkristo wa bara, alikaa kwa kaka yake mwalimu, na alikuwa anasoma sekondari huko bara. Wanafunzi wa shule zile walikuwa wamekatazwa siasa kabisa, anayeshikwa anafukuzwa, na kaka yake alishamwambia, "Ukifukuzwa usije kwangu na sanduku lako." Naye akaona akivaa buibui hakuna atakayemjua. Bi. Kidawa akamtazama akivuka ua, akasema, "Huyu nani aliyemvisha askari buibui?" Tulicheka mpaka Mama Sefu akafunga mlango. Yustina naye akacheka, akakaa chini, akatueleza kilichomleta. Kura zinakuja, za kwanza kwa watu weusi wa nchi hii, na vijana wa chama wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye haki ya kupiga. Lakini kijana wa kiume hawezi kuingia uani kwa watu. "Nyuani mna watu," alisema, "na hakuna aliyewauliza."

Haki yenyewe ilikuwa nyembamba. Ama uwe umemaliza darasa la nane, ama uwe na kipato cha wakubwa, ama cheo kinachotambuliwa. Bi. Kidawa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mie niliyezaa tisa na kuzika wanne sina darasa?" Yustina akainamisha kichwa. "Huna, bibi." "Haya. Endelea, mwanangu, nilitaka kujua tu." Halafu Yustina akaeleza jambo la kura tatu, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja. Ukimchagua wako peke yake ukaacha wale wawili, kura yako yote imeharibika. Wanaume wengi wa mtaani waliapa hawatamwekea alama mtu asiye wao. Mama Sefu akavuta ungo, akachora vyumba vitatu kwenye unga, akasema, "Basi sie tujifunze hapa, halafu kila mmoja akamfundishe mume wake, kaka yake, na mpangaji wake. Wao ndio wenye haki, sie ndio tutakaowashika mkono." Tukawa tunatia vidole, vitone vitatu. Bi. Kidawa akatia kimoja, akavuta mkono.

"Na Mzungu?" Mama Sefu akamuuliza.

"Mzungu sijala naye hata siku moja. Nitamchaguaje mtu sijui anakula nini?"

"Yupo aliyesimama na watu wetu, Bi. Kidawa. Ukimwacha, na huyu wa kwanza umemtupa."

"Unanilazimisha kualika watatu nipate kumlisha mmoja."

"Ndivyo walivyotupangia. Tia kidole."

Akatia, huku anasoma bismillahi kwa sauti kana kwamba anachinja.

Yustina akanipa kazi ya kuandika wanawake wa nyumba thelathini waliosoma au waliowahi kusoma, kwa sababu mie nilikuwa kijana, naingia kila ua, na wote wananijua. Nilizunguka wiki nzima. Nilinyweshwa chai ya tangawizi mpaka usingizi ukanikimbia. Nikamletea Yustina karatasi yangu, nimeandika kwa herufi za serikali kwa mara ya kwanza maishani, najiona nimemaliza dunia. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akanitazama. "Hawa. Mama Shabani. Mama Tatu. Mke wa fundi cherehani. Mama Shabani wa pili. Bi. Mkubwa wa nyumba ya mabati. Wanawake hawa majina yao ni nani?" Nikamwambia ndiyo hayo. "Temeke ina Mama Shabani wangapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole, akanishika mkono. Sikuwa nimeuliza jina hata la mmoja, maana kumwita mwanamke mwenye mtoto kwa jina lake la utotoni, na mumewe yupo, ni utovu wa adabu, na adabu ndiyo niliyokuwa nimefundishwa kabla ya herufi. Ikabidi nirudi nyumba zote, ila kwa mwalimu wangu sikuthubutu. Walicheka, waliona haya, wengine wakaninong'oneza sikioni kama siri ya ndoa. Mmoja alisema, "Hata mie nilikuwa sijalisikia tangu zamani, liseme tena." Katika nyumba thelathini tukapata watatu waliofika darasa la nane. Mmoja umri haukutosha, mmoja cheti chake kiliungua na nyumba. Akabaki mmoja, Mama Sefu mwenyewe, ambaye hata yeye hakuwa amejihesabu.

Tulimkuta anakaanga vitumbua. Yustina alipomwambia, aliendelea kugeuza kitumbua kimoja mpaka kikaungua, na yeye si mtu wa kuunguza. Akainuka, akaingia chumbani, tukasikia kasha likifunguliwa, ikatoka harufu ya udi. Akarudi na kifurushi cha kitambaa cha leso ya arusi, ndani yake kuna karatasi imekunjwa mara nne. Akaifungua magotini, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anayemsomea mtu mwingine: "Zainabu binti Mwinyimvua." Nimekaa naye miezi mingi, nimekula unga wake, na siku ile ndiyo niliyolisikia jina lake. Nakumbuka alivyolisema, kwa tabasamu la kando, kana kwamba kamwona shoga yake wa shule mlangoni na hajui kama amkaribishe ndani.

Fomu aliijaza mwenyewe, mwandiko wake mzuri uliolala kidogo. Akaitia saini. Halafu akanipa mie, si Yustina. "Hawa, hii ni amana. Mume wangu yuko safari ya kazi, anarudi Alhamisi. Ijumaa akitoka msikitini nitampikia, akila akitulia nitamwambia mwenyewe. Jumamosi asubuhi uipeleke. Kabla ya hapo isitoke kwako." Nikamwambia haitoki. Nikaenda nayo nyumbani, nikaitia ndani ya msahafu wangu, kwenye Yasini, maana sikuwa na mahali pa heshima kuliko hapo. Siku zile nne kila nikisoma naiona, nasoma nayo.

Alhamisi mchana Yustina akaja anahema, buibui liko begani. Amesikia kwa vijana kwamba karani wa kuandikisha anafunga kitabu siku ile saa kumi, kesho hayupo, na hakuna tena. "Ni mwanamke mmoja, Hawa. Nyumba thelathini, mmoja. Tukiiacha tumekwisha." Nikamwambia nimepewa amana. "Na akikukuta Jumamosi unamwambia kitabu kilifungwa huku umeikalia fomu yake, hiyo ni amana gani?" Tungeweza kwenda kumuuliza. Nyumba ya tatu tu. Nimelifikiri hilo maisha yangu yote. Lakini shangazi alisema kamwona Mama Sefu ameenda msibani mtaa wa mbali, hatujui atarudi saa ngapi, na jua lilikuwa linashuka, na ukweli mwingine, ambao ndio mkubwa, ni kwamba nilitaka. Nilitaka kuliona jina lile likiandikwa. Nikafungua msahafu, nikaitoa.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba majina mapya yalikuwa yakibandikwa jioni ile ile, ukutani nje ya ofisi ya jumbe tulikoipeleka fomu, ili mwenye pingamizi aseme. Tulikuwa bado tumesimama pale, mie na Yustina, tunalitazama kama watoto. Karatasi ndefu, wanaume watupu, halafu chini kabisa Zainabu binti Mwinyimvua, Temeke. Wanaume walikuwa wamekaa barazani, wanasoma majina kwa sauti na kutania. Mmoja akalisoma lile. Wakaulizana huyu nani, mwingine akasema binti Mwinyimvua namjua baba yake, huyu si kaolewa na Karani? Na Karani huyo akatokea, mkoba wa safari mkononi, vumbi mpaka nyusi, anakwenda kwake. Wakamwita. "Bwana Karani, njoo ukutani. Mbona lako hatulioni, tunaliona la ndani tu? Siku hizi nani mume pale kwako?" Wakacheka, cheko la watu wanaojua mtu huyu hawezi kujibu.

Alikuja mpaka ukutani. Yeye hakujiandikisha, watu wa serikali wengi waliogopa. Akatafuta kwa kidole kutoka juu, jina kwa jina, hana haraka, mpaka kidole kikafika chini kikasimama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, nimejifunika uso wote, na moyo wangu unasoma kila dua niliyoijua. Karani wa kuandikisha akatoa kichwa dirishani. "Mzee, kuna pingamizi? Kama si haki, sema sasa nilikate." Yale mengine naweza kuwa nayaongeza kwa miaka, lakini hili siongezi. Alisema, "Cheti anacho. Jina ni lake." Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Siku ya pili mlango wa ua ulifungwa. Darasa halikuwepo tena. Vitumbua havikukaangwa. Kitabu cha kuandikisha, tulikuja kusikia, kilifungwa Jumatatu iliyofuata, si Alhamisi ile. Yustina alilia aliposikia, mie sikuweza hata kulia. Mwezi haukwisha, Karani akaomba uhamisho, akapelekwa Kilosa, na asubuhi moja lori likasimama mtaani, wanapakia kitanda, kasha, mtungi. Niliingia uani kwa mara ya mwisho. Mama Sefu alikuwa amekaa juu ya mkeka uliokunjwa, buibui tayari, uso wazi. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Niwie radhi."

"Nimekuwia radhi tangu siku ile," alisema. "Hakunipiga, Hawa, usije ukasikia hivyo. Hakunitukana. Ameniuliza kitu kimoja tu, kwa nini aambiwe na watu wa barazani." Akanyoosha ncha ya mkeka. "Mchele nilikuwa nimeshauosha, wa Ijumaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, moja moja. Nilitaka kumwambia mie."

Akanipa ule ungo. "Usiuanike juani, utapasuka," akasema, akateremsha ushungi usoni. Kura zilikuja zikapita, naye yuko Kilosa. Jina lake lilibaki ukutani mpaka masika yalipolilowesha, karatasi ikawa inaning'inia pembe moja, na mie kila nikipita nalitazama.

Ungo ule nimeufundishia miaka mingi, mpaka ukaisha ukingo. Wanawake wa Temeke waliosoma kwa kidole changu siwezi kuwahesabu, na hata leo jioni, kwenye kisomo cha watu wazima, kitu cha kwanza ninachouliza ni jina lako wewe, mama wa nani tutaulizana baadaye. Barua kwa Mama Sefu niliandika mara nyingi. Sikuipeleka posta hata moja. Niliogopa itapita mikononi mwa mumewe kabla yake, na kumtangulia mara moja kulinitosha. Yustina ndiye aliyeniambia, siku ile ya mchele, kwamba yeye amewahi kufundisha Kilosa na akamkuta uani kwake, ungo mpya, wanawake kumi na mmoja. "Na kura zilipokuwa za watu wote," Yustina akasema, "alikuwa anakwenda kila mara. Mzee anamsindikiza mpaka mlangoni, anamngoja nje na mwavuli." Nikamuuliza kama aliwahi kunitaja. Yustina hajui kusema uongo, buibui lile ndilo uongo wake wa pekee. Alisema, "Aliniuliza kama umeolewa. Na kama ungo haujapasuka."

Jumapili tulikwenda Kawe. Yustina alijitanda khanga vizuri safari hii. Wanaume walikuwa sebuleni, sie chumba cha pili, katikati pazia. Uji wa khitma ulikuwa unanukia iliki. Kabla ya dua wakaleta karatasi ya kuandika marehemu watakaoombewa, na wake za Sefu na wajukuu wakaitupa kwangu kwa kuwa naandika. Mkwe mmoja, binti mdogo mwenye adabu, akaniinamia sikioni. "Shikamoo mama. Jina lake marehemu hasa nani? Sie tumemwita Mama tu siku zote, na Sefu yuko nje na wageni. Baba mkwe naona haya kumuuliza." Nilishika kalamu. Nilikuwa nalitoa lile jina mara ya pili, na linapelekwa kwa wanaume. Nikasema bismillahi, nikaandika mstari wa kwanza, nikaikunja karatasi mara nne, nikaipitisha chini ya pazia.

Nilisikia mtu akisema, "Mpeni Mzee Hamadi asome, yeye ndiye karani." Karatasi ikafunguliwa. Nilimwona kwa upenyo wa pazia, mzee mwembamba, shati jeupe, anatafuta kwa kidole kutoka juu, na safari hii hakuwa na haja ya kushuka. Akainua kichwa mbele ya wanaume wote, akalisoma lote kwa sauti, Zainabu binti Mwinyimvua. Halafu, kama mtu asiyetosheka, akalisoma tena.